Mlinda Lango wa Majini

Ipo kauli niliyoisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu: eti kuogelea si kazi ya mtu mweusi, mifupa yake ni mizito. Wanaoitoa aghalabu ni watu waliosoma. Ningependa wautazame mkondo wa maisha ya Ashleigh Johnson.

Johnson alizaliwa Miami, Marekani, mwaka 1994, katika familia yenye asili ya Jamaika. Mama yake, muuguzi, aliwapeleka wanawe kujifunza kuogelea wangali wadogo. Kutoka hapo binti huyu akaingia polo ya majini, mchezo wa watu saba kila upande, robo nne za dakika nane nane. Yeye ni mlinda lango. Hana pa kukanyaga. Miguu yake huzunguka chini kwa chini mithili ya miiko miwili inayokoroga, hadi kiwiliwili kichomoze kulikinga lango lenye upana wa mita 3. Ajaribuye kwa dakika moja tu ataacha kuzungumzia mifupa.

Wachezaji wengi wa timu ya taifa hutoka vyuo vya California. Yeye alichagua Princeton, mashariki. Hata hivyo, mwaka 2016 alikwenda Rio, mwanamke mweusi wa kwanza katika timu ya Olimpiki ya Marekani ya mchezo huo. Aliokoa mipira 51, na Italia ikalazwa 12-5 katika fainali. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Uhispania ilifungwa 14-5. Paris, mwaka 2024, mambo yaligeuka: Marekani ilimaliza ya nne.

Kwa nini basi awe wa kwanza, tena 2016? Weusi wa Marekani walifungiwa vidimbwi vya umma kwa miaka mingi, na mzazi asiyejua kuogelea humkataza mwanawe maji.

Kwetu nako, kipindi cha michezo kimo katika ratiba, lakini hisabati hukimeza. Lugha yenyewe imelinyambua neno kuogelea kutokana na kuoga, jambo la kila mtu, kila siku.

Juzi nilimwuliza mwanafunzi wangu, binti aliyelelewa kando ya Ziwa Viktoria, kama anajua kuogelea. Alicheka, akasema wanaojua ni kaka zake.