"Mwenyekiti Ananijua"

Kijana mmoja wa Sirari, dereva wa bodaboda, alinionyesha fomu yake ya kuomba kitambulisho cha Taifa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, pembe zimeanza kulainika kwa jasho la mfukoni. Majina yake, ya baba na ya mama, mahali alipozaliwa, vyote vimejazwa kwa kalamu ya bluu. Kilichobaki wazi ni sehemu ya serikali ya kijiji: jina, saini na muhuri.

Mama yake alizaliwa Isebania, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, akaolewa upande huu. Watu wa Uhamiaji wangemhoji, na hapo si pa kulaumu mtu. Mji wa mpakani lazima ujue watoto wake. Lakini kabla hajafika kwao, mtendaji wa kijiji hagongi muhuri mpaka mwenyekiti wa kitongoji aseme anamtambua. "Mwenyekiti ananijua," kijana aliniambia kwa utulivu. Nikamuuliza kama alishiriki kumchagua. "Mzee wangu, zile kura za vitongoji sijawahi kuhangaika nazo. Kura yangu moja itabadilisha nini?"

Nimekaa na swali lake muda mrefu, kwa sababu si swali la mvivu. Mwaka 1957 Mmarekani Anthony Downs aliandika kitabu kuhusu uchumi wa demokrasia, akaonyesha kwamba mtu anayepima hasara na faida ana sababu nzuri ya kubaki nyumbani siku ya uchaguzi. Atapoteza nusu siku foleni, na kura yake moja kati ya mamilioni haitaamua chochote. Kwa uchaguzi wa rais hesabu hiyo ni ngumu kuipinga. Daftari la wapiga kura la mwaka 2025 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37.

Ila hesabu ya Downs inasimama juu ya wingi wa wapiga kura. Ukiupunguza wingi, nayo inageuka. Chukua kitongoji chenye wapiga kura 300. Wakijitokeza 160, na wagombea wakiwa wawili, mshindi anahitaji kura 81. Msiba mmoja wa kawaida huku Tarime unakusanya watu zaidi ya hao. Koo mbili zikiamua kwenda shamba siku hiyo, matokeo yameshabadilika. Hata kwenye maeneo makubwa zaidi mambo hufikia ukingoni: mwaka 2017, katika uchaguzi wa bunge la jimbo la Virginia, Marekani, wagombea wawili wa eneo moja walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Tarehe 4 Januari 2018 jina la mshindi likaokotwa kwenye bakuli, na kwa jina hilo chama kimoja kikabaki na wingi wa viti bungeni. Kulikuwa na watu kule waliobaki nyumbani kwa hoja ileile ya kijana wangu.

Sasa tazama ng'ambo ya barabara. Mkazi wa Isebania, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, kama ule wa 9 Agosti 2022, anapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Ni kura nyingi kuliko zetu. Lakini akitaka barua ya kumtambulisha anakwenda kwa chifu au naibu wake, na hao ni waajiriwa wa serikali ya kitaifa. Hakuwachagua, na hawezi kuwanyima kura. Kwa mkazi wa Sirari, hatua chache kutoka hapo, barua hiyohiyo inaanzia kwa jirani aliyechaguliwa na majirani. Ofisi ambayo kule inajazwa kwa ajira, huku inajazwa kwa sanduku la kura. Haki hii wenzetu wa ng'ambo hawana, na sisi tunaiacha ipite kana kwamba ni jambo la watoto.

Kitambulisho ni mlango mmoja tu. Unapotaka kupeleka ng'ombe mnadani, katika eneo ambalo wizi wa mifugo umeliza watu vizazi na vizazi, lazima awepo wa kuthibitisha kwamba ng'ombe ni wako. Jirani akisogeza mstari wa minyaa kwa hatua tatu, wa kwanza kuitwa ni mwenyekiti wa kitongoji. Ndiye atakayesimama kati yenu, ahesabu hatua, awaulize wazee mpaka wa zamani ulipita wapi. Kaya za kuingizwa TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, zinajadiliwa kwenye mkutano wa kijiji. Kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kinaanza kutambuliwa hapohapo nyumbani, kabla faili halijaonwa na mtu wa wilayani.

Kisha kuna ardhi, na hapa naomba msomaji aende nami taratibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Halmashauri hiyo ina wajumbe kati ya 15 na 25, na wenyeviti wa vitongoji wamo. Lakini sheria hiyohiyo inasema halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Chini ya Sheria Na. 7 ya 1982, ile iliyorudisha serikali za mitaa baada ya kufutwa mwaka 1972, mkutano huo ndio wenye kauli ya juu katika sera za kijiji.

Wakurya wanalijua baraza la namna hii kwa jina la iritongo, kikao cha hadharani cha kusikiliza mashauri. Tofauti ni kwamba iritongo ilikuwa ya wanaume. Katika mkutano mkuu wa kijiji, mkono wa mjane muuza ndizi pale stendi una uzito sawa na wa mzee mwenye ng'ombe mia mbili. Sijui kama tumewahi kuutafakari ukubwa wa badiliko hilo.

Uzito wake unaonekana pale penye mali. Kule Nyamongo, vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, kama Kewanja, Nyangoto na Kerende, vimekuwa vikipokea mrabaha. Fedha hizo zikiingia, nani anakaa kwenye halmashauri ya kijiji na nani anashika kalamu ya kumbukumbu za kikao ni mambo yanayoamua madarasa, maji na zahanati. Upande wa wilaya ya Serengeti, vijiji vitano, Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata-Mbiso, viliungana kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Vilitenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, navyo vinapata mgao wa fedha za watalii. Kijiji hakiingii katika jambo kama hilo bila mkutano mkuu kukubali. Lakini mkutano huo usipokuwa makini, mwenyekiti dhaifu anaweza kukiingiza kijiji kwenye mkataba ambao wajukuu watauhoji.

Nimefika pagumu. Wapo watakaoniambia: hayo yote tunayajua, lakini matokeo yanakuwa yameshapangwa. Siwezi kuwajibu kwa kuwahubiria uzalendo. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 24 Novemba 2019 ulifika baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa kwa makosa ya fomu. CHADEMA na vyama vingine vikajitoa, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Katika ule wa 27 Novemba 2024 upinzani ulishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na chama tawala kikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Chaguzi zote mbili zilisimamiwa na TAMISEMI, wizara iliyo chini ya Rais, na wakurugenzi wa halmashauri ndio wasimamizi. Uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025, ambao ndani yake tunachagua madiwani, uliambatana na maandamano, amri ya kutotoka nje na vifo. Mtu akitazama hayo akaamua kwenda shamba, namwelewa.

Tarime haikukaa kimya mbele ya jambo hili. Bob Chacha Wangwe, mtoto wa aliyekuwa mbunge wa Tarime, marehemu Chacha Wangwe, alikwenda mahakamani kupinga wakurugenzi kusimamia uchaguzi mkuu. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi, na Juni 2023 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikaona haki zilivunjwa. Njia ndefu, na bado haijafika kwenye sanduku la kitongoji.

Pamoja na hayo, namwambia yule kijana ajisumbue, na aanze mapema kuliko anavyofikiri. Wengi wanapoteza kura hii wiki sita kabla ya siku yenyewe. Kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi haitoshi. Uchaguzi wa vitongoji una orodha yake, na mwaka 2024 iliandikishwa kwa siku kumi tu, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba. Asiyekuwa kwenye orodha hana la kudai siku ya kupiga kura. Fomu za wagombea nazo zijazwe na mtu anayejua kuzijaza, zikaguliwe na wawili au watatu, maana ni kwenye fomu hizo ambako majina yameanguka.

Na pale karatasi ya kura itakapokuja na jina moja, bado kuna kikao ambacho hakihitaji karatasi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila baada ya miezi mitatu. Mikutano minne kwa mwaka, ishirini katika muhula mmoja wa miaka mitano. Mtendaji anasoma mapato na matumizi. Mtu yeyote mwenye miaka 18 anaweza kunyoosha mkono aulize mchango wa choo cha shule umefikia wapi, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti aliyepata kura kwa njia yoyote ile hukaa mbele ya mkutano huo, kwenye kiti cha plastiki, akiwatazama watu anaokutana nao kesho yake sokoni.

Nilimuuliza kijana mkutano wa mwisho wa kijiji chake ulikuwa lini. Hakujua. Aliikunja fomu, akairudisha mfukoni, akaniuliza: "Kwani mtu wa bodaboda anaruhusiwa kuuliza hesabu?" Nikamwambia anaruhusiwa. Akawasha pikipiki, akaenda kumtafuta mwenyekiti.