Kunyoosha Meno au Kupanga Meno?

Tiba ya meno yaliyopandana au kuchomoza imezoeleka kuitwa "kunyoosha meno". Hata hivyo, jino halinyooshwi. Waya hulisukuma polepole. Mfupa wa taya humomonyoka upande linakoelekea, na mfupa mpya hujengeka upande linakotoka. Jino huhama. Kwa hiyo twapendekeza "kupanga meno", na mtaalamu wake aitwe "tabibu mpanga meno". "Mpangaji" tumeliepuka, kwa kuwa huyo ni mkaa nyumba ya kodi.

Suala hili si la kamusi tu. Baada ya shahada ya udaktari wa meno, tabibu mpanga meno husomea fani yake kwa miaka 2 au 3 zaidi, au hata zaidi ya hiyo. Mfasiri akiwaita wote "daktari wa meno", mgonjwa atachaguaje?

Mzazi anayemtafutia mwanawe tabibu hana budi kuuliza: Je, amesomea fani hii? Atachunguza taya kwa picha za eksirei kabla ya kufunga waya? Tiba itachukua muda gani, na gharama yake ni kiasi gani hadi mwisho? Atatoa "kishikizo", yaani kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka? Tena, amemwuliza mgonjwa anataka nini? Mwanya, kwa mfano, kwetu huhesabiwa kuwa uzuri. Usizibwe bila ya ridhaa ya mwenyewe.

Wasomaji wenye istilahi bora zaidi wanaombwa watuandikie.