Kupanga Masomo ya Shahada ya Afya ya Umma

Kijana wetu akenda kusomea shahada ya pili ya afya ya umma, nyumba nzima hujinyima kwa ajili yake. Basi twaona yampasa apange masomo yake mapema.

Tutazame Marekani. Huko shahada hiyo, katika vyuo vilivyothibitishwa, yataka krediti zisizopungua 42 za mihula. Misingi yake ya tangu zamani ni mitano: takwimu, elimu ya kuenea kwa maradhi, afya ya mazingira, uongozi wa huduma za afya, na elimu ya mwenendo wa watu.

Wengi huiogopa hesabu, wakaiweka nyuma. Hilo ni kosa. Mwaka 1854, mjini London, tabibu John Snow alihesabu waliokufa kwa kipindupindu, akaona wengi waliishi karibu na pampu moja ya maji. Mpini wake ukaondolewa. Hesabu ndiyo iliyompa ushahidi. Basi takwimu na elimu ya kuenea kwa maradhi zitangulie, maana mengine hujengwa juu yake. Masomo ya hiari yafuate maradhi yanayowasumbua watu wa kwao, na nafasi iachwe kwa mazoezi ya kazi, ambayo ni lazima.

Tena amwonyeshe mshauri wa chuo mpango huo kabla ya kujiandikisha. Yako masomo yafundishwayo mara moja tu kwa mwaka. Likimpita moja, huenda akangoja mwaka mzima, na wazazi wakalipa tena. Kuuliza si ujinga.