MTOTO WAKO ANAOMBA CHUO KIKUU

Mtoto wako amemaliza kidato cha sita. Anataka nafasi katika chuo kikuu cha Serikali. Labda ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Labda ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro. Wewe hukufika huko. Je, unaweza kumsaidia? Ndiyo, unaweza.

Mwaka 1961 chuo cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi 14 tu. Wote walisoma sheria. Siku hizi waombaji ni maelfu kwa maelfu, na ombi lenye kasoro halisubiriwi.

Anza na majina. Leteni vyeti vyote, mviweke juu ya meza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Khamis. Hapa kijijini tunajua kuwa huyu ni mtu mmoja. Ofisini hawajui. Kasoro hiyo ikionekana wiki ya mwisho, muda wa kuirekebisha hautoshi. Kama hana cheti cha kuzaliwa, nendeni wilayani mapema kwa msajili wa vizazi na vifo. Kama amefiwa na mzazi, tafuteni na cheti cha kifo. Kitatakiwa katika kuomba mkopo.

Sasa kozi. Katika mtihani wa kidato cha sita, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Mwombaji anatakiwa kuwa na pointi 4 au zaidi katika masomo mawili yanayohusu kozi anayoitaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kozi nyingi hudai zaidi. Aliyesoma historia, jiografia na lugha hawezi kuomba udaktari, hata kama shangazi zake wote wanataka daktari. Basi asome kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu. Achague kozi anayoipenda, na nyingine ambayo alama zake zinaifikia bila wasiwasi.

Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka ombi lake moja kwa moja chuoni, kwa intaneti. Barua ya kubembeleza haihitajiki. Ada ya maombi hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Mtu akikuambia umtumie fedha kwenye simu yake ili akupatie nafasi, huyo ni mwizi.

Kumbuka pia kuwa kupata nafasi si kupata mkopo. Mkopo huombwa peke yake, Bodi ya Mikopo, na fomu yake hupitia kwa viongozi wenu kwa sahihi na muhuri. Usingoje majibu ya chuo ndipo uanze.

Akikubaliwa na vyuo viwili, lazima athibitishe kimoja kabla ya siku iliyowekwa. Iandikeni siku hiyo ukutani.