Kiti cha mtoto garini: Soma kilo kabla ya kupatana bei

Ukiingia Kikuubo saa nne asubuhi, jiandae kusukumwa. Nilikuwa humo na mdogo wangu, aliyerejea kutoka Uingereza baada ya miaka tisa, tukimtafutia mwanawe kiti cha gari. Mtoto ana miezi 14 na kilo 10, na mbele yetu kulikuwa na safari ya Mutukula, zaidi ya kilomita 200, kisha Bukoba.

"Nyabo, hiki cha London, kinafaa mtoto yeyote," alisema muuzaji.

Hapo ndipo wengi tunaponasa. Hakuna kiti kinachofaa mtoto yeyote. Kigeuze, utafute lebo ya rangi ya chungwa. Ikiwa imeandikwa ECE R44, soma kilo: 0–13 ni cha mtoto mchanga, anayeketi akitazama nyuma ya gari, 9–18 kina mikanda yake chenyewe, 15–36 humwinua tu mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umpite begani, si shingoni. Umoja wa Ulaya uliacha kuuza vipya vya R44 Septemba 2024, hivyo nadhani mitumba yake itazidi kutujia. Vile vya R129 hupimwa kwa urefu, na humtaka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Kichwa chake ni kizito na shingo bado changa. Breki ikifungwa ghafla, kiti kinachotazama nyuma humpokea mgongo na kichwa kwa pamoja.

Kile cha London kilikuwa 15–36! Mtoto wetu angepenya chini ya mkanda.

Cha pili kilikuwa na kilo zake, lakini plastiki ya chini ilikuwa na ufa. Nguo ya mtumba utaifua. Kiti kilichowahi kupata ajali huna la kukifanya, na mara nyingi hata ufa hauonekani.

Cha tatu, 0–18, hugeuzwa mtoto akikua. Muuzaji alitaka laki tatu, tukaafikiana 220,000 za Uganda. Kabla ya kulipa nikaomba tukakijaribu garini. Alinuna, lakini alimtuma kijana akakibeba kichwani hadi tulikoegesha.

Afadhali tulijaribu. Gari letu ni la Kijapani, kuukuu, halina vishikizo vya Isofix, na mkanda wa katikati ni wa kiunoni tu. Tukahamia pembeni, ambako mkanda wa begani ulifika kwa shida. Shemeji alipendekeza kiti cha mbele. Nilikataa: mfuko wa hewa ukifyatuka, hukipiga kiti kinachotazama nyuma pamoja na mtoto.

Tulipopita Lukaya, bodaboda ikakatiza. Shemeji alikanyaga breki, chupa ya chai ikaruka kutoka nyuma hadi kwenye dashibodi. Mtoto alishtuka, akalia kidogo, akalala tena.

Sasa ana kilo 12. Nimeshamwambia yule muuzaji aniangalizie kile cha 15–36.