Kishikwambi: Jina, Kitu na Haja Yake

Utangulizi

Istilahi mpya haiundwi kwa ajili ya kujaza kurasa za kamusi. Huundwa pale watu wanapopata kitu au wazo ambalo lugha yao haijalipa jina. Kwa hiyo kila istilahi ya kifaa kipya huja na maswali mawili. La kwanza ni la lugha: je, jina hili linakitenga kitu hiki na vitu vilivyo karibu nacho? La pili ni la maisha: je, kitu chenyewe kinatengana kweli na hivyo vilivyo karibu nacho, kiasi cha kustahili kununuliwa?

Katika makala hii tutaitazama istilahi kishikwambi kwa kuilinganisha na jirani zake wawili, yaani simu ya mkononi na kompyuta mpakato. Mifano yetu tutaichukua katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, kifaa cha namna hii hununuliwa kwa fedha ambayo ingeweza kununua mabati, mbegu au sare za watoto wa shule. Yafaa basi jambo hili lipimwe kwa makini.

Majina ya jirani zake

Neno simu limetoka Kiajemi, na huko asili yake ni waya. Jina hili lilifaa sana wakati ambapo sauti na habari zilisafirishwa kwa nyaya zilizotandazwa juu ya nguzo. Waya ukaondoka, jina likabaki. Leo mtu aliye Murusagamba anapiga simu isiyo na waya, wala haoni ukinzani wowote. Hapa tunajifunza kwamba matumizi yakishaimarika, asili ya neno hailizuii kubeba maana mpana zaidi.

Kompyuta mpakato imepata jina kwa njia nyingine. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani na kumshika asianguke. Waliolichagua neno hilo walitazama mkao wa mtumiaji, si kazi ya mashine. Neno kompyuta lenyewe ni la mkopo, nalo limeshindana na tarakilishi, ambalo limejengwa juu ya neno tarakimu, na pia ngamizi. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania, kompyuta ndilo lililoshika.

Tukivuka daraja la Rusumo, ambalo ni mpaka wa Ngara na Rwanda, tunakuta jirani zetu wametazama mambo mengine. Kwa Kinyarwanda simu ya mkononi huitwa igendanwa, kwa maana ya kile ambacho mtu hutembea nacho. Kompyuta huitwa mudasobwa, yaani asiyekosea. Msemaji wa Kihangaza au Kishubi huko Ngara hahitaji mkalimani ili kuona mantiki ya majina hayo, kwa kuwa lugha hizi ni za ukoo mmoja wa karibu. Jina moja limechagua mwendo, jingine mkao, jingine sifa ya akili. Hakuna jina linaloweza kubeba sifa zote za kitu. Kazi ya kubeba sifa zilizosalia ni ya fasili.

Umbo la neno kishikwambi

Kishikwambi limeingia katika ngeli ya ki-vi, ngeli ya vitu na zana nyingi: kisu, kijiko, kitabu, kiti. Wingi wake ni vishikwambi, na upatanisho wake haumsumbui msemaji yeyote: kishikwambi hiki kimeharibika, vishikwambi hivi vimeharibika. Sehemu ya mwanzo humkumbusha msikilizaji kitenzi shika. Sehemu ya mwisho haijifungui kwa urahisi kama ilivyo katika mpakato, na hapo ndipo wakosoaji wa neno hili hupata hoja yao.

Mpinzani wake ni tableti, neno la mkopo. Tableti lina udhaifu wake pia. Katika maduka ya dawa neno hilo hilo hutumiwa kwa vidonge, na katika ngeli ya i-zi halionyeshi tofauti ya umoja na wingi mpaka upatanisho usaidie. Anayesema ameacha tableti nyumbani analazimika kueleza ni za homa au ni ya kusomea. Kishikwambi halina utata huo.

Jinsi neno lilivyoenea

Istilahi nyingi hufa kwa sababu hutangulia vitu vyake, au huja baada ya watu kuzoea jina jingine. Kishikwambi lilipata bahati isiyo ya kawaida. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambayo usiku wake wa kumbukumbu ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti, ilikuwa ya sita tangu Muungano, baada ya zile za 1967, 1978, 1988, 2002 na 2012. Ilikuwa pia ya kwanza kufanywa kwa njia ya kidijiti. Karani wa sensa hakuja na bunda la madodoso ya karatasi. Alikuja na kishikwambi, akasoma maswali katika kioo chake, akaandika majibu humo humo. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120.

Hivyo neno na kitu viliingia pamoja katika nyumba za wananchi, Nyakahura na Nyakanazi kama Dar es Salaam. Kaya ambazo hazikuwahi kuwa na kompyuta ziliona kazi yake na kusikia jina lake kwa wakati mmoja. Kisha, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022, Serikali ilivigawa vishikwambi kwa walimu, navyo vikahama kutoka mikononi mwa makarani kwenda shuleni. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa istilahi iliyosambazwa kwa mpango mpana kiasi hicho, ingawa lengo la mpango huo halikuwa lugha.

Sifa bainifu

Mtaalamu wa istilahi hutafuta sifa bainifu, yaani zile zinazokitenga kitu na jirani zake. Tukiviweka vifaa hivi vitatu pamoja tutaona kwamba vyote hufanya hesabu, huhifadhi maandishi na picha, na huunganishwa na intaneti. Hizo si sifa bainifu. Tofauti zao ziko katika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni namna ya kuingiza maneno. Kompyuta mpakato ina baobonye kamili, na mtu huandika kwa vidole vyote. Simu na kishikwambi hutumia kioo cha kugusa, ambacho hutosha kwa kuchagua jibu au kuandika sentensi chache, lakini huchosha katika taarifa ya kurasa kumi.

La pili ni ukubwa wa kioo. Kioo cha inchi kumi kina eneo linalokaribia mara tatu ya kile cha inchi sita. Kwa hiyo ukurasa wa kitabu husomeka bila kuvutwa huku na huko, na watu watatu au wanne wanaweza kuutazama pamoja.

La tatu ni umeme. Kishikwambi huchajiwa kama simu, aghalabu kwa wati 10 hadi 15. Kompyuta mpakato huhitaji chaja ya wati 45 au 65. Mjini tofauti hii haina uzito, lakini katika nyumba inayotegemea paneli ndogo ya jua, ndiyo inayoamua kama kifaa kitatumika au kitakaa kabatini.

Tukiyakusanya hayo tunapata fasili: kishikwambi ni kompyuta bapa ya kushikwa mkononi, yenye kioo cha kugusa kikubwa kuliko cha simu, isiyo na baobonye ya kudumu, ifaayo zaidi kwa kusoma, kujaza fomu na kuonyesha. Vitenzi vitatu vya mwisho ndivyo kiini cha fasili hii.

Ni nani anayekihitaji?

Fasili nzuri hutusaidia hata sokoni. Tuchukue kwanza mkulima wa kahawa na migomba aliye jirani na Rulenge. Anahitaji kuzungumza na mnunuzi, kupokea fedha na kutazama bei. Kazi hizo zote ni za simu, na baadhi yake hufanywa hata na simu ndogo ya vitufe. Kishikwambi hakimwongezei kitu, na hakiingii mfukoni anapokwenda shambani.

Wa pili ni katibu wa chama cha ushirika, au mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu. Kazi yake ni kuandika kwa urefu na kupanga hesabu katika majedwali. Huyo anunue kompyuta mpakato. Akinunua kishikwambi, punde atatafuta baobonye ya kuambatisha, na gharama ya vyote viwili itamrudisha pale alipopakimbia.

Wa tatu ni mwalimu katika shule ya kijiji cha Biharamulo, yenye vitabu pungufu na isiyo na umeme wa uhakika. Yeye husoma kitabu cha kiada, huandaa somo, hujaza taarifa za wanafunzi na huwaonyesha watoto mchoro wa moyo au ramani ya Ziwa Victoria. Kusoma, kujaza na kuonyesha ndiyo kazi yake ya kila siku, na hapo kishikwambi kina haja iliyo wazi. Lakini haja hiyo hutimizwa ikiwa humo ndani mna vitabu vilivyohifadhiwa, visivyotegemea bando la kila wiki. Kishikwambi kitupu ni kibao tu.

Wa nne si mtu mmoja bali ni kazi ya uandikishaji. Wilaya ya Ngara inaijua thamani ya orodha sahihi. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa takriban siku moja, na orodha ya watu ikawa msingi wa kugawa chakula katika kambi ya Benaco. Anayeandikisha watu akiwa amesimama, nyumba hadi nyumba au foleni hadi foleni, hawezi kupakata mashine, na kioo cha simu ni kidogo mno kwa dodoso refu.

Hitimisho

Wanaisimu husema kwamba visawe vilivyo sawa kabisa ni nadra. Maneno mawili yakikaa pamoja kwa muda mrefu, hugawana kazi au moja hufa. Vifaa navyo hufuata kanuni inayofanana na hiyo. Aliye tayari na simu nzuri na kompyuta mpakato, akaongeza kishikwambi kwa sababu wengine wanacho, amenunua kisawe. Lugha huweza kubeba visawe bila gharama, kaya haiwezi.

Kwa upande wa istilahi, maoni yetu ni kwamba kishikwambi limeshapata makazi na lisibadilishwe. Linalobaki ni kuendeleza kazi ndani ya kifaa chenyewe. Mwalimu wa Ngara anapokifungua, maneno ya kuhifadhi, kutuma, kufuta na kupanga yawe ya Kiswahili kimoja kinachoeleweka, na vitabu vilivyomo viwe vya lugha anayofundishia. Tukiishia kwenye jina la nje, tutakuwa tumekitafsiri kifuniko na kuacha kitabu bila kutafsiriwa.