Ndoto ya Mke, Mkono wa Mume

Barua nyingi zinazofika mezani kwangu kutoka kwa wanandoa vijana zinahusu pesa. Cha ajabu, wengi hawalalamikii ufukara. Wanalalamikia pesa inayotoka nyumbani kwenda kwa wengine. Mke anashtukia kwamba mumewe analipa ada ya mtoto wa binamu. Mume anasikia mtaani kuwa mkewe kachangia kituo cha yatima. Kutoa ni jambo jema, lakini humo ndani tayari watu wamenuniana.

Ndiyo maana nimevutiwa na Clayton Kershaw na mkewe Ellen. Kama hufuatilii besiboli usijali, mimi mwenyewe si shabiki wa kukesha. Mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo, na akichemsha mara tatu anatoka. Kershaw alikuwa mrushaji wa Los Angeles Dodgers kuanzia 2008 hadi alipostaafu 2025, na kwa mkono wake wa kushoto aliwatoa hivyo wapigaji zaidi ya 3,000. Si mchezo!

Wawili hawa, wenyeji wa Dallas, walianza mapenzi wakiwa sekondari. Baadaye Ellen, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, akaanza kwenda Zambia, kwa majirani zetu, kukaa na watoto yatima. Hiyo ilikuwa ndoto yake yeye. Clayton alikuwa na mpira wake.

Walifunga ndoa Desemba 2010. Mwanzoni mwa 2011, wakiwa bado bwana na bibi harusi wapya, wakasafiri pamoja hadi Zambia na shirika la Arise Africa. Hapa ndipo ninapompa bwana huyu heko. Angeweza kumwambia mkewe, "Nenda tu mpenzi, nitakutumia hela." Akaenda, akaona kwa macho yake. Waliporudi, mradi ulikuwa wa wote wawili: kujenga makazi ya watoto jijini Lusaka. Wakayaita Hope's Home, kwa jina la binti mmoja yatima waliyemfahamu huko.

Pesa je? Clayton aliahidi dola 100 kwa kila mpigaji atakayemtoa msimu wa 2011. Akawatoa 248, wengi kuliko mrushaji yeyote wa ligi yake mwaka huo. Piga hesabu: dola 24,800. Mashabiki nao wakaalikwa kuchangia. Taasisi yao, Kershaw's Challenge, imesaidia watoto Zambia, Jamhuri ya Dominika, Los Angeles na Dallas. Mwaka 2012, akiwa na miaka 24 tu, Clayton alipewa Tuzo ya Roberto Clemente, ambayo besiboli ya Marekani humpa mchezaji anayejitoa kwa jamii.

Najua utasema, "Ah, huyo ana mamilioni!" Ni kweli, 2014 alisaini mkataba wa dola milioni 215 kwa miaka 7. Lakini angalia tarehe: ahadi ya dola 100 ilitangulia mkataba huo kwa miaka mitatu. Hakusubiri atajirike ndipo aanze.

Sasa turudi kwenye nyumba zetu. Kwanza, kabla ya kubishana kuhusu kiasi, nendeni wote wawili mkaone. Mtoto uliyemshika mkono si sawa na jina unalolisikia kwenye simu. Pili, fungeni mchango kwenye kazi yenu. Kama unauza, tenga kiasi kwa kila mteja. Kama una mshahara, asilimia mnayoijua wote. Kiasi kinachojulikana hakimshtui mtu mwisho wa mwezi. Tatu, mradi uwe na majina mawili. Ukimsaidia mtoto kwa siri, siku ikifichuka mwenzio hataona wema wako, ataona siri yako.

Kwa mtazamo wangu, kumpenda mtu ni pamoja na kumuuliza ni watoto gani wanaomnyima usingizi, kisha kukaa naye mkapiga hesabu. Muulize mwenzio leo usiku, mkishamaliza kula. Na TV izimwe kwanza, tafadhali!